Yatima Mwenye Mama Wawili

Dada yangu hajawahi kufa. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu walioketi chini ya turubai, kwenye viti vilivyopambwa vitambaa vyeupe, wakamlilia mpaka leso zikalowa, na marehemu mwenyewe yuko safu ya nyuma anawasikiliza.

Dada ni fundi cherehani. Ukifika mtaani kwetu ukamuulizia Fundi Mrefu, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha mlango. Ni mrefu kama mlingoti, na akikaa kushona inabidi akunje miguu chini ya cherehani kama panzi. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, na naona kazi hiyo bado anaitafuta mpaka leo. Akamwachia binti mmoja, ambaye sote tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo kidevuni. Mimi ndiye mama yake mdogo. Watu wananiita Spika. Si kwamba nimewahi kukanyaga bungeni, ila nikiongea chumbani kwangu, mtaa wa pili wanaitikia.

Haya yalipoanza sikuwepo. Nilikuwa nchi ya watu, natandika vitanda vya hoteli kwa mkataba usioniruhusu hata kuja kuzika, seuze kuja kuuguza. Dada akaanza kukohoa. Akanywa dawa za kikohozi, akakohoa. Akanywa tangawizi, akakohoa. Alipokwenda kupimwa akaambiwa ni kifua kikuu, tena kile sugu kisichosikia dawa za kawaida, akalazwa kwenye wodi ya peke yake ambako mtoto haruhusiwi kutia mguu. Kidoti, ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, akawekwa kwa jirani. Jirani yule ana watoto wake, ana mama mkwe ndani, na ana moyo mkubwa. Lakini moyo mkubwa hauongezi chumba.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke anayejiita Mama Mlezi. Alikuwa na kituo cha watoto yatima ng'ambo ya mji, na kila wiki alipita hospitalini na kikapu cha matunda, anazunguka wodi hadi wodi, anawashika wagonjwa mikono. Dada aliponisimulia kwa simu nilisema, kumbe dunia bado ina watu. Sikujua kwamba mwenzetu hakuwa amekuja kufariji wagonjwa. Alikuwa amekuja sokoni.

Alimkuta dada barazani, barakoa usoni, anaota jua.

"Una watoto, mama?"

"Ninaye mmoja. Yuko kwa jirani."

"Jirani atamvumilia mpaka lini? Niachie mimi. Atakula, atasoma, atalala pazuri. Wewe kazi yako ni moja tu, kupona. Ukitoka unamchukua."

"Lakini mwanangu si yatima," dada akamwambia.

"Najua, mpenzi. Ni kwa muda tu."

Dada akakubali. Muuguzi alikuwa pale pale na dawa zake, akasikia. Jirani naye aliambiwa hivyo hivyo, maana ndiye aliyemfungia Kidoti kimfuko cha nguo na kumsindikiza mpaka kwenye gari. Kwa muda tu. Mtu anaweza kukuibia mchana kweupe, kwa sauti laini, na wewe ukamshukuru.

Matibabu yalichukua zaidi ya mwaka. Sindano, vidonge vya kukausha mdomo, masikio yakawa yanalia kama kuna nzi ndani. Alichokuwa anakishika ni kimoja, kwamba akitoka atamkuta mwanawe amenenepa. Siku daktari alipomwambia amepona, hana cha kumwambukiza mtu, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituoni, na nguo zake mwenyewe zinamning'inia kama zimeanikwa.

Mlinzi akamwambia, leo watoto wana mtihani. Akarudi siku nyingine, leo wana chanjo. Siku nyingine, Mama Mlezi amesafiri, na bila yeye mtoto haonwi. Mpaka mkataba wangu unakwisha na mimi narudi nyumbani na sanduku langu, dada alikuwa hajamtia mwanawe machoni. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, kitambaa kimefika nusu, mguu hausukumi pedali.

"Unaendaje peke yako kila siku kama unakwenda kuomba chumvi?" nikamwambia. "Kesho tunakwenda wote."

Basi tulikwenda. Mlinzi alianza, "Leo watoto wana..." na mimi nikaanza kumsalimia, yeye, mama yake, ukoo wake na kijiji chake, kwa sauti ile ile niliyojaliwa, mpaka madirisha ya ofisi yakafunguka. Geti likafunguliwa upesi.

Kituo kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Kuta zimechorwa maputo na tembo wanaocheka. Majani yamekatwa vizuri, na kibao kinasema usikanyage. Nikajiuliza, kituo cha watoto, majani hayakanyagwi, watoto wanacheza wapi? Na kweli, sikusikia mtoto hata mmoja. Nyumba ina watoto tele na imenyamaza kama maktaba.

Mama Mlezi alitupokea kwa kutukumbatia. Ana sauti ya chini, kila mtu kwake ni mpenzi, na ukutani nyuma yake zilijaa picha za watoto wakiwa na wageni.

"Furaha anaendelea vizuri sana," akasema.

"Furaha ndiye nani?" dada akauliza.

"Binti yako, mpenzi. Jina lake lile liliwapa shida wageni kulitamka, tukampa jipya. Amelizoea."

Dada akanitazama. Mtoto alipewa jina la bibi yetu aliyetulea. Aliyempa ni dada, siku ya kuzaliwa, mbele ya ukoo. Sasa limeondolewa kwa sababu mtu aliyekuja kupiga picha ulimi wake ulikuwa mzito.

"Nimekuja kumchukua," dada akasema.

"Hilo tutaliangalia taratibu. Wewe unaishi chumba kimoja. Cherehani humo humo, sindano, mikasi. Tena umetoka kwenye ugonjwa mkubwa. Ukirudiwa je?"

"Daktari amesema nimepona."

"Daktari anatazama mapafu, mpenzi. Mimi natazama maisha ya mtoto. Na kuna familia iko mbali huko, inampenda kama wa kwao, kila mwezi inatuma chochote kwa ajili yake. Niwaambie nini hao?"

"Waambie mama yake amekuja!" nikasema, na tembo wa ukutani nadhani waliacha kucheka.

Alitabasamu tu, akaagiza mtoto aletwe. Kidoti akaingia, mikono nyuma, amesimama wima kama askari wa gwaride. Alikuwa amerefuka. Dada akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto hakumkimbilia. Alisema, "Shikamoo," kama anavyosalimiwa mkaguzi wa shule.

"Mwanangu. Umekula leo?"

Kidoti akamtazama Mama Mlezi kwanza. Mama Mlezi akamkubalia kwa kichwa. "Ndiyo, mama," mtoto akajibu, na mpaka leo sijui ile "mama" ilikuwa ya nani.

Tukatolewa nje kwa upole. 

Tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo kazi yake, kwa mujibu wa bango la mlangoni, ni kumlinda mtoto. Afisa tuliyemkuta aliposikia jina la Mama Mlezi alisimama kabisa. "Yule ni mtu wa watu! Mnajua ametubebea mzigo kiasi gani?" Ukutani kwake palitundikwa kalenda yenye picha za watoto wa kituo kile kile. Akataka barua ya serikali ya mtaa, tukaleta. Akataka barua ya daktari, tukaleta. Akataka mtu aje kukagua chumba, na mtu huyo hakuja. Nilimuuliza, "Baba, yule mama alipomchukua mtoto kwa jirani, alikuletea barua ngapi?" Akasema nisimfundishe kazi.

Kumchukua mtoto kwa mama yake yalitosha matunda. Kumrudisha, nchi nzima haina karatasi za kutosha.

Aliyetufungulia njia alikuwa mama anayefua nguo pale kituoni. Alikuja mchana mmoja kwa dada, amejifunika mtandio, anajifanya amekuja kupunguziwa sketi.

"Msiseme nimesema," akaanza. "Jumamosi kuna wageni wakubwa. Siku hiyo geti halimuulizi mtu."

"Na sisi tuingie kama nani?" dada akauliza.

"Kama watu. Vaeni vizuri tu." Akainama karibu. "Mtaona watoto wamevaa nguo zilizochakaa. Msidhani ndizo walizonazo. Nguo nzuri nazifua mimi, nazikunja mimi, na wiki ya wageni zinafungiwa stoo. Hata midoli ipo, imejaa, bado iko kwenye nailoni zake. Inatolewa wageni wakija, watoto wanaishika, picha zinapigwa, jioni inahesabiwa inarudi. Mtoto aliyeshiba akapendeza hamlizi mtu, dada yangu. Na wasiolia hawatoi."

"Nawe unaona hayo unanyamaza?" mimi nikamrukia.

"Nina wangu wanne wanaokula kwa mshahara ule," akajibu. Kisha akasema, "Ndio maana nimekuja," akaondoka bila sketi yake.

Jumamosi dada alivaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya harusi ya mtu aliyeghairi kuoa. Amelipunguza kiunoni, amefunga kitambaa kichwani, amekuwa kama mke wa balozi. Mimi nilivaa viatu vya kisigino vilivyoachwa na mgeni wa hoteli. Mlinzi yule yule aliyemfukuza dada miezi yote hiyo akatupigia saluti, akatuelekeza viti. Nguo ni pasi ya kusafiria, asikudanganye mtu.

Chini ya turubai kulikuwa na maji ya chupa, maua ya plastiki, na mtu wa kamera anayepita huku na huko. Watoto walisimama mbele kwa urefu wao, nguo zimefifia, miguu mitupu. Kila mmoja kashika mdoli kama mtu aliyeambiwa ashike bomu. Mama Mlezi akahutubia. Akasema hawa hawana mtu duniani. Kisha akaita, "Furaha, njoo mwanangu."

Kidoti akapanda jukwaani. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akatabasamu. Halikuwa tabasamu lake. Lilianza na kuishia kwenye meno.

"Jina langu ni Furaha. Mimi ni yatima. Mama yangu alikufa kwa kifua. Alikufa usiku, mimi nikiwa nimemshika mkono. Sina mama, sina baba, sina ndugu. Mama yangu ni Mama Mlezi, na baba yangu ni ninyi."

Hapo ndipo leso zilipotoka. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alilia mabega yakatikisika. Nami nikamgeukia dada, kwa sababu nilitegemea kumkuta anaanguka. Alikuwa anainuka. Aliinuka polepole, akarefuka, akarefuka, mpaka kichwa kikagusa turubai.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye mwenye kelele katika familia. Yeye aliuliza kama anayeuliza saa, na ndio maana kila mtu alisikia.

"Nauliza, nimekufa lini? Mimi ndiye mama wa huyo mtoto. Nilikuwa naumwa, nimepona. Nimekuja hapa mara nyingi nimerudishwa getini. Sasa nasikia nilikufa usiku. Nani alinizika?"

Mtu wa kamera akashusha kamera. Mama Mlezi akaja mbio na tabasamu lake. "Wapendwa, samahanini. Huyu dada anatoka kwenye ugonjwa mrefu, akili haijatulia..." Nyuma yake akapunga mkono, mlezi mmoja akaelewa, na watoto wote wakaanza kuimba. Kwa sauti moja, kwa kupiga makofi, midoli imebanwa makwapani. Waliimba kutufunika. Watoto wadogo vile walikuwa wanajua wimbo wa kuzima moto.

Na Kidoti pale jukwaani, macho kwa mama yake, tabasamu halijatoka, akaanza upya kama aliyekosea somo: "Jina langu ni Furaha. Mimi ni yatima. Mama yangu alikufa..."

Bwana mmoja mwenye miwani, mgeni wa heshima, akasimama kutuliza mambo. "Mama, nakuelewa uchungu wako," akamwambia dada. "Lakini tuseme ukweli. Hapa mtoto anakula, anasoma. Kwako atapata nini? Si bora abaki?"

Dada akamgeukia. "Wewe una watoto, bwana?"

"Ninao."

"Ukilazwa kesho, nije niwachukue?"

"Mimi nina uwezo wa..."

"Kwa hiyo mtoto ni wa mwenye uwezo. Maskini anazaa kwa niaba." Akamkazia macho. "Umetoa kwa ajili ya mwanangu ale. Vizuri. Kwa nini chakula hicho hakipatikani mpaka kwanza mimi nife? Kuumwa si kufa, bwana. Hata umaskini si kufa."

Bwana akakaa. Sijui kama aliona aibu au alitaka tu tuishie pale. Dada hakusubiri kujua. Alipita katikati ya viti, akakanyaga yale majani yasiyokanyagwa, akapanda jukwaani, akamwinua mwanawe, miguu mirefu inaning'inia, akateremka naye. Mimi nikatangulia kumfungulia njia. Wanaonijua wanajua njia hufunguka.

Hatukufika mbali. Gari la polisi lilitukuta kituo cha basi. Mama Mlezi alikuwa ameshapiga simu kwamba wanawake wawili wamevamia kituo wakaiba mtoto. Fikiria hapo. Dada yangu, aliyeibiwa, akaingizwa kituo cha polisi kwa kosa la wizi, na kilichoibwa amekibeba mgongoni.

Mezani tulimkuta sajenti mwanamke, mtu mzima, uso hauna mchezo. Mama Mlezi akaingia nyuma yetu na afisa wetu wa ustawi, yule wa kalenda. Siku hiyo miguu yake ilikuwa na mbio ajabu.

"Umemwiba nani?" sajenti akamuuliza dada.

"Mwanangu."

"Mtoto yuko chini ya uangalizi wa kituo," afisa akasema. "Utaratibu..."

"Sijakuuliza wewe." Sajenti akamgeukia Kidoti. "Njoo, mjukuu wangu. Usiogope. Huyu aliyekubeba ni nani?"

Kidoti akamtazama Mama Mlezi, naye Mama Mlezi akatabasamu, akatikisa kichwa polepole. Dada alifumba macho. 

"Unaweza kunijibu lolote," sajenti akasema. "Hakuna jibu baya."

Mtoto akafikiri. Kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Nikijibu vibaya, wenzangu watanyimwa chakula?"

Sajenti akaweka kalamu mezani.

"Nani ananyimwa chakula?"

"Wote. Ukikosea mbele ya wageni, wote hawali mpaka kesho yake. Siku moja mtoto mmoja mdogo alisema ana bibi yake, wote hatukula. Wakubwa wakampiga. Leo mimi nimekosea, mama ameongea katikati, nikaanza upya. Nilianza upya vizuri. Mwambie nilianza upya vizuri, wasiwanyime."

Alisema "mama ameongea". Dada alisikia, nami nilisikia. Lakini hakuna aliyefurahi, maana mtoto alikuwa anatetemeka kwa ajili ya tumbo la mwenzake.

Mama Mlezi akacheka kidogo. "Watoto wana mawazo, mpenzi..."

"Mimi si mpenzi wako," sajenti akasema. Akaita askari wawili. Akamwambia afisa wa ustawi, "Na wewe panda gari. Leo utalikagua hilo jengo, hata kama kalenda yao imekwisha kurasa." Sijui nani alimwambia habari ya kalenda. Labda ni mimi, nilikuwa nimeongea sana njiani.

Waliyoyakuta huko yaliandikwa magazetini. Stoo ya midoli ndani ya nailoni. Makabati ya nguo na viatu, vipya, vimepitwa na miguu ya waliotumiwa. Watoto wakaulizwa mmoja mmoja, mbali na walezi, wakapewa kwanza chakula wakaona kweli kinaliwa, ndipo wakasema. Wengi wao walikuwa na mzazi. Mmoja mama yake alikuwa kifungoni, mwingine baba yake alivunjika mgongo kazini, mwingine ana bibi, mwingine ana shangazi aliyeambiwa mtoto amehamishwa. Waliochukuliwa kwa wazazi waliolazwa wodini hawakuwa wachache. Yatima wa kweli walikuwepo pia, wameimbishwa pamoja na wengine, na hao ndio wananiuma zaidi, kwa sababu kilio chao cha kweli kiligeuzwa mtaji.

Halafu wakubwa wakaanza kushangaa. Kila ofisi ilishangaa. Ofisi iliyompa kibali ilishangaa, iliyomkagua ilishangaa, bwana mwenye miwani alishangaa mbele ya waandishi wa habari. Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo, wenye macho mazima, ambao hawakuona kitu. Mlangoni penye geti kubwa kiasi kile, mama anakuja analia kila wiki, na hakuna aliyejiuliza huyu analilia nini ikiwa humu ndani wote ni yatima.

Mama Mlezi alifikishwa mahakamani, akapata dhamana siku hiyo hiyo. Kesi inaahirishwa. Leo hakimu anaumwa, leo wakili ana udhuru, leo shahidi hajafika. Nikisikia sababu hizo namkumbuka yule mlinzi. Watu wanasema ameshapanga nyumba mji mwingine, na kuna picha yake mpya, amezungukwa na watoto wengine. Sisi wazazi tunakwenda kila kesi inapotajwa, tunakaa benchi la mbele, dada na urefu wake hapo, hakimu akiinua kichwa anamwona. Hatutaacha. Bibi wa yule mdogo aliyepigwa alifariki kabla mjukuu hajarudishwa, alikuwa ameshamtandikia kitanda. Nani atalipia hilo, na atalipa kwa kitu gani?

Kidoti alirudi nyumbani. Mtu akisikia hivyo anashusha pumzi, anadhani hadithi imekwisha. Lakini aliyerudi alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anakunja shuka yake kabla hujaamka. Ukimpa chakula anauliza kama wengine wameshapewa. Ukimwita kwa jina lake la bibi anachelewa kuitika. Siku moja mteja aliingia kujaribu gauni, mgeni tu wa watu na mkoba wake, na Kidoti akasimama katikati ya chumba, akaweka mikono pembeni, akatabasamu. Akafungua mdomo. Dada alimwahi, akamkumbatia kabla neno la kwanza halijatoka, na mteja akabaki na gauni lenye pini, haelewi kwa nini fundi analia.

Wakati wote huo mtoto hakulia. Hakununa, hakugoma, hakusema sitaki. Majirani walimsifia, "Amerudi na adabu!" Mimi nilikuwa natamani avunje hata kikombe.

Ikawa mchana wa Jumapili. Dada alikuwa anamchana nywele, mimi niko mlangoni nachagua mchele. Kitana kikanasa.

"Unaniumiza," Kidoti akasema.

"Samahani mwanangu, nimalizie hapa tu."

"Nimesema unaniumiza!" Akajing'oa, akasimama, akakitwaa kitana akakirusha ukutani. "Unaniumiza! Uliniacha! Ulisema utakuja ukipona, nikangoja, nikangoja, hukuja! Wakasema umekufa, nikasema hapana, wakaninyima chakula, wakawanyima na wenzangu, halafu na mimi nikasema umekufa! Uliniacha! Utaniambia nini sasa? Sikutaki! Sitaki kuchanwa! Sitaki!"

Akapiga miguu chini, akavuta kitambaa cha mteja kutoka mezani, akakikanyaga. Alilia kwa sauti ambayo sikujua inaweza kukaa ndani ya mtoto, kamasi na machozi pamoja, uso umevimba. Nikainuka kwenda kumshika. Dada akanizuia kwa mkono.

"Mwache," akasema. Alikuwa amekaa chini, mikono mitupu mapajani, machozi yanamtiririka, na hakujitetea. Angeweza kumwambia habari za sindano, za geti, za mlinzi. Hakusema hata moja. "Endelea, mwanangu. Nakusikia. Sema yote."

Kidoti akaendelea. Akasema mengine ambayo sitayarudia hapa, maana alikuwa anamwambia mama yake, si mimi wala wewe.

Majirani walishajaa mlangoni, mmoja na mwiko wake, mwingine kabeba mtoto, wanachungulia juu ya bega langu. "Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," nikawaambia. "Mtoto anamgombeza mama yake. Rudini mkaangalie vyungu vyenu visiungue."

Nikafunga mlango.